"Saa ya Afrika" haiko ndani ya damu yetu

Barua ya mualiko ilikuwa fupi: mukutano wa wakaaji wa avenue yetu, Siku ya Posho, saa tatu kamili ya asubuhi. Kulikuwa mambo mawili ya kuzungumuzia: mufereji wa maji ya mvua wenye umezibana, na bomba ya maji yenye watu wanapigania kila siku. Saa tatu kamili tulikuwa watu wane: shefu wa avenue, mama mumoja muuza makala, muzee mumoja mwenye ameisha kupata pensio, na mimi ninayeandika. Saa tatu na nusu tulikuwa saba. Mama wa makala akaangalia upande wa soko, akasema anaenda kidogo, atarudi. Hakurudi. Mukutano ulianza saa tano kasoro robo, watu karibu 30 wakiwa wamefika, na neno la kwanza la shefu lilikuwa lile tunalolijua wote: "Mutusamehe, munajua, ni saa ya Afrika." Watu wakacheka.

Tufanye hesabu kidogo. Watu 30, tukichanganya wale waliotangulia na wale waliofuata, tuseme kila mumoja amengojea saa moja. Hiyo ni saa 30. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile ya mwaka wa 2002, inasema mufanyakazi asipitishe saa 45 kwa juma. Basi asubuhi moja tu, juu ya viti vya plastike, tulikula sehemu mbili juu ya tatu ya juma ya kazi ya mutu mumoja. Na mufereji ulikuwa ungali umezibana.

Lakini jambo lenye kuniuma zaidi haiko ile hesabu. Ni yule mama wa makala. Yeye anakaa mbele ya bomba kutwa nzima. Anajua nani anapita wengine kwa nguvu, nani anajaza bidoni kumi mara moja, mutoto gani anasukumwa nyuma kila siku. Hakuna mutu wa avenue anayejua habari ya ile bomba kumupita. Wakati tulifika kwa jambo la bomba, yeye alikuwa ameisha kwenda kuuza. Waliosema sana ni wale wenye wana mutu wa kuwachotea maji.

Ndugu musomaji, pengine wewe pia umeisha kuwa kwa mukutano wa namna hii, ama kwa ndoa, ama kwa semina. Swali letu leo ni hili: juu ya nini tunachelewa? Jibu lenye watu wanazoea kutoa ni kwamba sisi ni vile tuko. Jibu hilo si kweli, na tutaonyesha.

Saa imekuwa kama bei ya soko

Uliza mutu yeyote anayechelewa. Atakuambia bila haya: "Nikifika saa tatu, nitakuta nani?" Na ana haki. Yule anayefika kwa wakati ndiye analipa. Anakaa juani, anaacha biashara yake, anangojea. Yule anayechelewa halipi kitu. Mara ingine anapewa hata kiti cha mbele, na mukutano unasimama kidogo ili asalimie watu. Kwa hiyo mara ya pili, yule aliyefika mapema anajifunza. Anaongeza saa moja yake. Mara ya tatu wote wameongeza.

Mwenye kualika naye anajifunza. Anataka watu saa ine, anaandika saa tatu. Waalikwa wanajua kwamba ameandika hivyo, wanafika saa tano. Ni kama vile muuzaji anayetaja franka 10 000 akitaka 6 000, na mununuzi anayeanzia 3 000. Saa yenye imeandikwa ku barua haiko saa tena. Ni bei ya kwanza, na kila mutu anajua kwamba hakuna mutu anayelipa bei ya kwanza. Hakuna muvivu katika hadisi hii. Kila mutu anafanya hesabu yake vizuri, na wote pamoja wanapata hasara.

Sasa tumutazame mutu yule yule mahali pengine. Wengi katika Kivu mbili, Ituri na Tanganyika wako ndani ya AVEC, zile shirika za kuweka akiba na kukopeshana. Shirika moja inakuwa na watu kumi na kitu, kawaida wasipite 25. Wanakutana kila juma, siku moja, saa moja. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu mbalimbali, kwa hiyo mumoja akichelewa sanduku halifunguliwe. Kanuni waliziandika wenyewe, na ndani yake kuna lamande kwa mwenye kuchelewa. Angalia namna mama anayechelewa saa mbili kwa mukutano wa avenue anavyokimbia kwenda kwa AVEC, kitambaa kikianguka njiani. Lamande yenyewe ni kidogo sana, pengine bei ya maandazi mawili. Lakini inalipwa mbele ya wote, haimuachi mutu hata kama ni mukubwa, na feza ya kila mumoja iko ndani ya lile sanduku.

Ao tuende ku ziwa. Wavuvi wa sambaza wa ziwa Kivu wanapashwa kuwa juu ya maji mbele giza haijaingia vizuri, juu samaki wanavutwa na mwangaza wa taa. Mwezi ukiwa mukubwa, taa zinapoteza nguvu, na makundi mengi yanapumuzika siku hizo, yanashona nyavu. Ni vile vile kwa wavuvi wa ndakala ku ziwa Tanganyika, kule Uvira, Baraka na Kalemie. Mambo yao yote yanafuata mwezi na giza. Hakuna mutu aliyewafanyia semina juu ya kuheshimu wakati. Na mama muuza nyanya anayetaka bei ya muzigo wa asubuhi hangojei jua lipande ndipo atoke.

Kwa hiyo mutu mumoja, damu moja, anafika mapema kwa AVEC, ku ziwa na ku soko, halafu anachelewa kwa mukutano na kwa ndoa. "Saa ya Afrika" haiko ndani ya damu. Ni mapatano mabaya yenye tumeyaacha yakomae, na mapatano yanabadilishwa.

Niseme neno moja hapa ili watu wasinielewe vibaya. Kuna wakati wenye hatuhesabu, na sitaki tuanze kuuhesabu. Ku kilio, mutu anakuja, anakaa, anaketi na wafiwa mpaka usiku, hakuna anayetazama saa. Yaya akikutembelea bila kusema, unaacha kazi, unamupikia bugali na sombe, munazungumuza. Wakati huo haukupotea, juu uliutoa mwenyewe. Shida ni ule wakati mutu mwingine anaokutosha mukononi bila kukuuliza.

Siku gani? Saa gani? Ya wapi?

Mbele ya kusema mutu amechelewa, tujue kwanza kama tulisikilizana juu ya saa. Hapa mashariki hilo haiko jambo rahisi, na makosa mengi yanatokea hapo.

Kwa Kiswahili tunahesabu saa tangu jua kutoka. 7h00 ya Kifaransa ni saa moja ya asubuhi, 13h00 ni saa saba ya muchana. Tofauti ni saa sita. Kwa kinywa hakuna shida, juu sauti na lugha vinaonyesha. Shida inaanzia ku telefone. Mutu anaandika "tukutane 3h". Ni saa tatu ya asubuhi, ao ni 15h00? Yule mwenye kuzoea kazi ya ofisi anasoma moja, yule wa soko anasoma ingine, na kila mumoja ataapa kwamba mwenzake ndiye alichelewa.

Siku nazo zinachanganya. Wengi wetu tunasema Siku ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, mpaka Siku ya Tano. Kisha inakuja Siku ya Posho na Siku ya Yenga. Lakini Kiswahili cha Tanzania, chenye tunasikia ku redio na kusoma ku vitabu, kinaanzia hesabu kwa Siku ya Posho yenyewe: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Kwa hiyo Jumatatu yao ni Siku ya Kwanza yetu, na Jumatano yao ni Siku ya Tatu. Mufanyabiashara wa Kalemie akiambiwa kwa telefone kutoka Kigoma kwamba muzigo utafika Jumatano, na sikio lake likashika ile "tano", atakwenda ku bandari Siku ya Tano, siku mbili nyuma. Na wenye kuzungumuza Lingala wanajua kwamba lobi ni jana na ni kesho pia; inafaa kusikiliza mpaka mwisho ndipo ujue gani.

Kisha kuna saa ya inchi na inchi. Kongo iko na saa mbili. Wakati ni 8h00 huku kwetu, Goma, Bukavu, Bunia, Kindu, Kisangani ama Lubumbashi, ku Kinshasa ni 7h00. Taarifa yenye inasomwa Kinshasa 20h00 inatufikia huku 21h00. Rwanda na Burundi wana saa yetu, hakuna cha kubadilisha. Lakini Uganda na Tanzania wako mbele kwa saa moja. Mutu anayetoka Kasindi 8h00 akivuka mupaka, anakuta Mpondwe ni 9h00. Ni vile vile Mahagi, Aru na Bunagana kwa upande wa Uganda, na Kalemie ikitazama Kigoma. Watu wanaokaa karibu na mupaka wanajua tena shida ingine: telefone ikikamata rezo ya ngambo, inaweza kujigeuza saa yenyewe usiku, na asubuhi mutoto anaamushwa saa moja mbele ya wakati, ama mutu anakosa gari.

Dawa ya mambo haya yote haina bei. Ukialika watu, andika jina la siku pamoja na tarehe, andika saa mara mbili, na useme ya wapi: "Siku ya Tano tarehe 14, saa tatu ya asubuhi (9h00), saa ya Beni." Kwa matangazo yenye watu wanatuletea hapa ku redio, karibu kila juma tunapashwa kumuita mwenye tangazo tena na kumuuliza kama 2h yake ni muchana ao asubuhi.

Saa zenye haziko zetu

Kuna wakati mutu anaupoteza, na kuna wakati mutu ananyanganywa. Wenye kutufundisha juu ya wakati wanazoea kuchanganya hivi viwili, na ni hapo watu wanawachoka.

Mutu aliyekimbia vita, anayelala ku masomo ama ku kanisa na kusimama tangu asubuhi kwa mustari wa kupewa unga, huwezi kumuambia apange siku yake vizuri. Gari yenye imezama ku tope siku tatu wakati wa mvua haikukosa programu. Ku barabara zingine mutu hawezi kutembea mbele jua halijatoka wala nyuma ya jua kuzama, na hilo peke yake linamutosha saa nyingi za kazi. Hizo ni saa zetu, lakini wenye kuzishika ni wengine.

Maji ndiyo mufano wenye unagusa nyumba nyingi. Goma imekaa juu ya ziwa, na kila asubuhi mistari ya bidoni za njano inashuka kwenda kulitafuta. Shirika la afya la dunia pamoja na UNICEF wanapima hivi: ili nyumba ihesabiwe kuwa na maji ya kiasi, kwenda, kupanga mustari na kurudi, vyote pamoja visipite dakika 30, na maji yenyewe yatoke mahali palipotengenezwa vizuri. Wewe mwenyewe jua nyumba yako iko wapi kwa hesabu hiyo. Kama ni saa mbili kwa siku, kwa mwaka inakuwa saa 730. Ukizigawanya kwa siku za kazi za saa nane, ni siku 91. Zaidi ya miezi mitatu ya kazi, juu ya maji tu, na bidoni moja ya litre 20 ina uzito wa kilo 20 ku mugongo.

Na mugongo wa nani? Kwa nyumba nyingi ni wa mama na wa binti. Masomo mengi yanaanza 7h30. Binti anafika 8h00, mabega yangali na maji, na mulango umefungwa. Mwalimu anaona mutoto aliyechelewa. Ukweli ni kwamba aliamuka mbele ya mwalimu.

Hapa kuna kitu chenye nyumba inaweza kufanya bila kungojea serikali, hata kama serikali inapashwa kufanya yake. Ndugu za yule binti nao wana migongo. Papa mwenye tshukudu ama moto anaweza kupita ku bomba akirudi. Tena, nyumba nyingi zinabishana juu ya kununua maji kwa vijana wanaoyapeleka kwa tshukudu. Papa anasema ni bei kali. Lakini ni nani aliyefanya hesabu? Kununua bidoni ni kununua saa. Kama katika zile saa mbili mama anaweza kukaanga maandazi na kuyauza, ama mutoto anaweza kufika ku masomo mbele ya mulango kufungwa, inafaa kuweka hizo feza mbili moja kando ya ingine na kutazama. Siku zingine maji ya kununua yatakuwa ya bei kweli. Siku zingine yale ya kuchota ndiyo yatakuwa ya bei, ila tu hakuna mutu aliyekuwa anayalipa kwa makuta.

Kuchelewa kwenye kunaua

Kuchelewa kwa ndoa, tutacheka. Kuna kuchelewa kwingine.

Mwaka wa 1994, watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika juu ya wamama wanaokufa kwa kuzaa, na waligawanya kuchelewa mara tatu. Waganga wangali wanatumia mugawanyo huo mpaka leo. Kwanza ni kuchelewa kuamua nyumbani. Pili ni kuchelewa njiani. Tatu ni kuchelewa kupata huduma mutu akiwa ameisha kufika ku hopitali. Ile ya pili na ya tatu, mwenye nyumba hana nguvu nyingi juu yake. Ile ya kwanza iko katika mikono yetu. Mama anatoka damu, na watu wanangojea mume arudi, juu yeye ndiye anashika feza. Mume naye anamungojea muzee. Katika nyumba zenye zimefikiri mbele, neno limeisha kusemwa mapema: kama tumbo likianza usiku, tunaita motari gani, feza iko wapi, na mama mwenyewe ana ruhusa ya kwenda bila kungojea mutu. Mapatano hayo yanafanywa katika dakika kumi, mimba ikiwa ya miezi sita ama saba.

Mutoto mwenye homa ni vile vile. Malaria ya mutoto mudogo inaweza kugeuka kuwa ya hatari haraka sana. Waganga wanaomba afike ku kituo cha afya mbele ya saa 24 tangu homa ianze. Wengi wanajaribu kwanza kidonge kimoja chenye kilibakia ku kabati, kesho wanaongeza majani, kesho kutwa ndipo wanatafuta feza ya gari. Siku ya tatu mutoto anatetemeka.

Na kuna jambo lenye tunapashwa kulisema wazi, juu limezidi katika majimbo yetu. Mutu aliyebakwa, awe mwanamuke, binti ama mwanaume, ana saa 72 za kupewa dawa za kumukinga na virusi vya ukimwi. Nyuma ya saa 72 dawa hizo hazina kazi tena. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka saa 120, lakini kila saa yenye inapita inaipunguzia nguvu. Saa 72 ni siku tatu tu. Siku tatu hizo zinaliwa na nini? Zinaliwa na haya, na vitisho, na barabara. Lakini mara nyingi zinaliwa na baraza: jamaa inakaa, inamuita shefu, inatafuta jamaa ya yule aliyefanya ubaya, wanaanza kuzungumuza juu ya mbuzi. Wakimaliza, ni siku ya tano. Kesi inaweza kungojea, dawa haiwezi. Kwanza hopitali, mambo ya baraza na ya tribinali nyuma. Na yule aliyechelewa kupita siku tatu aende tu, juu kuna matunzo mengine ya mwili na ya roho yenye hayafungwi na saa 72.

Siku 90, na mbegu

Kwa karatasi pia saa inatembea. Sheria ya jamaa, kama ilivyobadilishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016, inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mutoto aliyezaliwa ku etasivile. Zamani zilikuwa siku 30. Zikipita, haiko tena kazi ya ofisi ya etasivile peke yake. Inafaa kupata hukumu ya tribinali, na hapo kuna kwenda na kurudi, kuna feza. Siku 90 ni nyingi, na ndiyo sababu zinapotea: hakuna siku moja kati yao yenye inaonekana kuwa ya haraka. Wamama wengine wameshika akili. Wanaunganisha kuandikisha na siku ya chanjo ya juma la sita, juu siku ile wanatoka nyumbani na mutoto hata hivyo.

Mulimaji hahitaji kufundishwa juu ya tarehe. Anajua kwamba katika milima ya Kivu mbegu za majira ya kwanza zinaingia udongoni kuanzia mwezi wa tisa, na za majira ya pili kuanzia mwezi wa pili. Maharagi mafupi yanaomba karibu miezi mitatu. Ukipanda mwezi wa pili ukikaribia kwisha, yanakomaa mvua ingaliko. Ukingojea mpaka mwezi wa ine, mwezi wa sita unayakuta na jua kali. Kwa kawaida mulimaji hakosi kujua. Anakosa feza ya mbegu siku ile. Kwa hiyo AVEC zingine zinapanga siku ya kugawana akiba zikifuata kalenda hiyo, mwezi wa nane ukikwisha, ili feza ifike mukononi pamoja na mvua na pamoja na masomo ya watoto. Wengine wanaigawana mwezi wa kumi na mbili. Noeli inakuwa nzuri sana, kisha mwezi wa pili wanakopa mbegu kwa jirani.

Turudi ku avenue yetu. Kwa mukutano wa pili shefu alibadilisha kitu kimoja tu. Saa tatu na dakika kumi, tukiwa watu tisa, alianza. Tulipanga kwamba kila nyumba itatosha mutu mumoja na mupawu Siku ya Posho yenye inafuata kwa ajili ya mufereji. Wale waliofika saa ine walikasirika: "Mumeanza bila sisi?" Shefu akajibu kwamba ameanza na wale wenye walikuwa. Neno hilo lilitembea avenue nzima, wengine walisema ana kiburi, na mufereji ulifunguliwa.

Mukutano wa tatu ulikuwa wa zamu ya bomba. Mama wa makala alikaa mbele kabisa, na kama nilivyoambiwa, yeye ndiye aliyesema zaidi. Nilivyoambiwa, juu mimi sikuwa. Nilikuwa ninamaliza kazi hapa ku redio, nikajisemea kwamba hata wakisema saa tatu, wataanza ine. Nilifika saa tatu na dakika arobaini. Orodha ilikuwa imeisha kuandikwa na kila mutu amechagua saa yake. Nyumba yetu ilibakishiwa saa kumi na moja ya asubuhi, Siku ya Kwanza na Siku ya Ine. Nililalamika kidogo. Yule muzee wa pensio akaniuliza kama telefone yangu haina saa.

Kesho ni Siku ya Kwanza. Bidoni ziko tayari karibu na mulango.